Wati ngapi kwa milima ya Bukavu? Tathmini ya trisikli tatu za umeme

Karakana ninayoizungumzia iko katika komini (wilaya ya mji) ya Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, na inauza trisikli za umeme za kubebea mizigo. Fremu, sanduku la nyuma na magurudumu ni yale yale kwa zote. Kinachotofautiana ni mota. Ya kwanza ina wati 1,000, ya pili wati 1,800 pamoja na gia ya mlima inayoingizwa kwa mkono, na ya tatu ina wati 3,000 bila gia hiyo. Sitaitaja karakana kwa jina, kwa sababu nina malalamiko juu ya dhamana yake na sipendi tathmini igeuke kuwa kesi. Hukumu yangu naitoa mapema: mwenye mzigo wa wastani hapa mjini achukue ile ya wati 1,800, na ile ya 3,000 ambayo muuzaji huisifia kuliko zote aiache, isipokuwa kama ana fedha za kununua na betri inayolingana nayo.

Mimi nina ghala dogo la unga upande wa Nyawera, na wateja wangu wako Kadutu, Panzi na njia ya kuelekea Bagira. Mtu anayeujua mji huu ameshaelewa tatizo: barabara tambarare ni fupi, na baada yake kila kitu kinapanda. Siku ya kwanza nilipofika karakana, muuzaji wa mbele alinionyesha kibandiko chenye maandishi makubwa ya "3000W" na kuniambia kwamba hiyo ndiyo ya watu makini. Fundi aliyekuwa nyuma, mikono imejaa grisi, ndiye aliyenisaidia zaidi. Alisema: "Mama, usiniulize wati. Niambie unapakia magunia mangapi, na mlima wako wa mwisho uko wapi." Yote yaliyofuata, pamoja na majaribio tuliyoyafanya, yalikuwa ni kulijibu swali la fundi huyo.

Hesabu yenyewe haihitaji shahada. Trisikli tupu pamoja na betri zake ina kilo 250 hivi, dereva kilo 70, na magunia 6 ya kilo 50 yanafanya 300, kwa hiyo jumla ni kilo 620. Kwenye lami tambarare, chombo hiki kikienda kilomita 25 kwa saa, kazi ya mota ni kushinda msuguano wa matairi na upepo kidogo tu, na inatosha kama wati 900 kwenye magurudumu. Sasa ukipandishe mwinuko wa asilimia 12, yaani njia inayopanda mita 12 kwa kila mita 100, ambao kwa mji wetu si wa kutisha hata kidogo. Uzito peke yake unakivuta nyuma kwa nguvu ya takriban nyutoni 720 (nyutoni ni kipimo cha nguvu ya kuvuta), na msuguano wa matairi unaongeza 90 nyingine. Ukitaka kupanda hapo kwa kilomita 15 kwa saa, unahitaji wati 3,400. Ukikubali kilomita 10, zinashuka hadi kama 2,300. Na ukienda mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu kwa haraka, kilomita 6, wati 1,400 zinatosha. Mzigo haukubadilika, na mlima ni ule ule. Kilichobadilika ni haraka yako tu.

Jambo hili ndilo wanunuzi wengi hawaambiwi. Wati hazikuambii kama chombo kitapanda au hakitapanda. Zinakuambia kitapanda kwa mwendo gani. Kinachoamua kama kitapanda ni nguvu ya kuzungusha inayofika kwenye gurudumu, na hiyo inategemea gia sawa na inavyotegemea mota. Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, mtu apime mlima wake. Chukua ubao wa mita 1, uweke juu ya barabara kuelekea juu, unyanyue ncha ya chini mpaka kipimo cha maji cha fundi mwashi kionyeshe kuwa umelala sawa, kisha pima nafasi iliyobaki kati ya ncha hiyo na ardhi. Sentimita 12 ni asilimia 12. Pima pale penye mwinuko mkali zaidi, wala usitafute wastani wa njia nzima, maana trisikli haikwami kwenye wastani.

Wapo wanaolinganisha na petroli. Injini ya trisikli ya cc 200 hutoa kilowati 10 hivi, nao huona kwamba mota ya wati 1,800 ni kichekesho. Ulinganisho huo hauko sawa kwa sababu mbili. Injini ya petroli hutoa nguvu hiyo ikizungushwa kwa kasi kubwa tu, ndiyo maana dereva hushika klachi na kunguruma pale mlimani, ilhali mota ya umeme hutoa nguvu yake ya kuzungusha tangu gurudumu likiwa limesimama. Sababu ya pili ni urefu wa mji wetu: uso wa Ziwa Kivu uko kwenye mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwenye urefu huo hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 14 kuliko pwani, hivyo injini inayovuta hewa bila kusaidiwa hupoteza nguvu karibu kwa kiasi hicho hicho. Mota ya umeme haipumui. Hasara yake ni ndogo: hewa nyepesi huipoza vibaya kidogo, na viwango vya kimataifa vya mota huchukulia kwamba itafanya kazi chini ya mita 1,000. Sisi tuko juu ya hapo, basi tusiibane mota mpaka ukomo wake.

Joto ndilo linaloua mota, na hapa naomba uvumilivu wa msomaji kwa sababu ndipo fedha hupotelea. Nguvu ya kuzungusha ya mota hizi inafuata mkondo wa umeme unaopita kwenye koili zake, yaani nyaya za shaba zilizozungushwa ndani: ukitaka nguvu maradufu, unapitisha mkondo maradufu. Lakini joto la waya huongezeka kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo mkondo maradufu ni joto mara nne. Tena shaba inapopata moto, ukinzani wake unapanda, karibu asilimia 40 kwa ongezeko la nyuzi 100, na ukinzani huo unaleta joto jingine. Mota iliyokwama mlimani, gurudumu halizunguki na dereva bado ameukaza mpini wa mwendo, hugeuza umeme wote kuwa joto. Vanishi ya koili huanza kunuka, sumaku hupungua nguvu, na vitambuzi vidogo vinavyoiambia kontrola (kifaa kinachoipimia mota umeme) mahali rota, ile sehemu inayozunguka, ilipo hufa kwanza. Wengi husema "mota ilikuwa mbovu." Mara nyingi ilikuwa nzima, ilipewa mlima usio wake.

Ndiyo maana nilimwomba fundi alaze trisikli ubavu ili nisome kibati cha mota, si kibandiko cha sandukuni. Tulikifuta matope kwa kitambaa chenye petroli, na juu yake, katika herufi ndogo kuliko punje ya mtama, palikuwa na alama ambayo muuzaji wa mbele hakuwahi kuitaja. Herufi S1 humaanisha kwamba mota inaweza kutoa wati zake saa zote bila kupita joto lake halali. S2 ikifuatwa na dakika, kwa mfano 60, humaanisha kwamba inaweza kuzitoa kwa muda huo tu kuanzia ikiwa baridi, kisha ipumzishwe. Mota ya 1,800 ilikuwa na S2 ya dakika 60. Ile ya 3,000 haikuwa na alama yoyote, na fundi alikubali, kwa sauti ya chini, kwamba 3,000 ni nguvu ya kilele, ile ya kufumba na kufumbua. Mota isiyotangaza muda wake mimi huihesabu kuwa nusu ya inavyojitangaza, mpaka ithibitishe vinginevyo.

Karakana hii ina sifa moja kubwa ambayo lazima niiseme: inakubali mnunuzi ajaribu chombo kikiwa na mzigo, kwenye mlima anaouchagua mwenyewe. Nilileta magunia yangu 6. Dereva wao aliendesha, mimi nikafuata kwa moto (pikipiki) ya kukodi.

Ya wati 1,000 sina mengi ya kuisema. Kwenye barabara kuu ya Lumumba ilikwenda vizuri, kimya, na hata niliipenda. Tulipoanza kupanda kuelekea soko la Kadutu ilipungua mwendo hadi watoto wakaipita, kisha kontrola ikakata umeme ili kujilinda, na vijana wawili wakaisukuma hadi pembeni. Inawafaa wanaouza mikate, simu au dawa, wenye mizigo isiyozidi kilo 100, na wasiotoka sana barabarani tambarare.

Ya wati 3,000 ilinishangaza kwa ubaya wake, maana kwenye lami ilikuwa inaruka. Gia yake imepangwa kwa mwendo, na mlimani mota ikawa inazunguka polepole sana huku ikidai mkondo mkubwa. Hapo betri zikashindwa. Trisikli zote tatu zinauzwa na betri 5 za risasi za volti 12, jumla volti 60, zenye ampea-saa 50. Mota inayotoa wati 3,000 huvuta karibu ampea 60 kutoka kwenye betri hizo, na betri ya risasi ikivutwa hivyo, volti zake huanguka. Ikifika volti 10.5 kwa kila betri, yaani 52.5 kwa zote, kontrola hukata ili zisiharibike. Zetu zilikata tukiwa katikati ya mwinuko, ingawa kipimo kilionyesha kuwa bado zina zaidi ya nusu, na baada ya kupumzika kidogo volti zilirudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Uwezo ulioandikwa juu ya betri ya risasi hupimwa kwa kuitoa umeme polepole kwa saa kadhaa. Ukiitoa kwa pupa, inakupa sehemu tu. Kumuuzia mtu mota kubwa juu ya betri ile ile ni kumuuzia namba.

Hata hivyo, nisiionee mota kubwa kwa kosa lisilo lake. Mitaani husemwa kwamba mota kubwa "inakula betri." Kwa mzigo ule ule na mwendo ule ule, mlima hudai nishati ile ile, mota iwe kubwa au ndogo; tena kubwa, kwa kuwa haijabanwa, mara nyingi hufanya kazi ikiwa na joto kidogo na upotevu mdogo. Inayokula betri ni haraka ya dereva aliyegundua kwamba anaweza kukimbia. Ile ya 3,000 ingepewa gia ya mlima na betri za lithiamu za aina ya chuma-fosfeti, ambazo volti zake hazianguki ovyo, ningeandika habari nyingine, na ningemshauri kila anayebeba saruji aichukue. Lakini betri hizo ni gharama kubwa, na karakana haikuwa nazo.

Ya wati 1,800 ndiyo tuliyoipandisha hadi juu. Chini ya kiti kuna mti mfupi wa chuma. Dereva anasimama, anausukuma, na gia ya mlima inaingia kwa mlio wa "kra" usiopendeza masikioni. Kuanzia hapo mota huzunguka haraka ilhali gurudumu linakwenda polepole. Ikiwa gia inaongeza nguvu ya kuzungusha maradufu, mota inahitaji nusu tu ya mkondo kwa kazi ile ile, na joto la koili linashuka hadi robo. Tulipanda kwa mwendo wa mtu anayekimbia taratibu. Kule juu fundi aliweka kiganja kwenye ganda la mota na kukiacha hapo akiongea nami. Kwa ile ya 3,000 alikuwa amekigusisha na kukiondoa mara moja. Kipimo cha namna hiyo si cha maabara, lakini kila fundi wa Bukavu anakijua, na mimi nilikiamini.

Kasoro zake zipo. Gia haiingii chombo kikiwa kinatembea, kwa hiyo dereva anapaswa kuiweka kabla ya mlima, na anayesahau atajikuta amesimama kwenye mwinuko akiitafuta huku breki ya mkono ikilia. Mwendo wake ni wa polepole, na wenye moto nyuma yako hawatakuficha wanavyojisikia. Wakati wa mvua, pale ambapo lami imeliwa na maji na kubaki mifereji ya udongo mwekundu, msuguano wa matairi huweza kuongezeka maradufu au zaidi. Siku hizo punguza gunia moja au mawili badala ya kuilazimisha.

Kuhusu umbali: kupandisha kilo 620 kwa kimo cha mita 200 hula karibu nusu ya kilowati-saa, ukihesabu na upotevu wa njiani. Betri hizi zina kilowati-saa 3 kwa maandishi. Toa ile sehemu ambayo betri ya risasi haipaswi kuguswa kama unataka idumu, na utaona kwamba kupanda hivyo mara tatu kamili ni kazi ya kutosha kabla ya kurudi kwenye chaja. Umeme wetu wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unapokatika jioni, wenye jenereta watacheka. Mimi huchaji usiku wa manane, unaporudi.

Kushuka nako kuna gharama yake, ingawa muuzaji hakulitaja. Kontrola ya ile ya 1,800 inaweza kurudisha umeme kidogo kwenye betri chombo kinaposhuka, lakini betri iliyojaa haipokei, na betri ya risasi haipendi kupokea kwa haraka. Usitegemee hilo kama breki. Kwa mzigo wa namna hii nilidai breki za nyuma za ngoma zikaguliwe mbele yangu, na viatu vyake vilikuwa vimeshalika ilhali chombo ni kipya, kwa kuwa ndicho wanachotumia kwa majaribio. Walivibadilisha bila ubishi.

Wasomaji wa Goma wasinakili hukumu yangu kama ilivyo. Mji wao umetandaa juu ya lava, miinuko ni michache, na adui yao ni mawe makali na mitetemo. Huko mota ya wati 1,000 inaweza kumfaa mtu ambaye hapa ningemkataza, na fedha iliyobaki iende kwenye springi na matairi.

Sasa dhamana. Karatasi yao inasema mota ina dhamana "isipokuwa ikiungua." Nimeisoma mara mbili kwa sauti mbele ya msimamizi, naye hakuona tatizo, wakati kuungua ndiyo njia kuu ambayo mota hufa. Ombi langu la kufungiwa kitambuzi cha joto, kifaa cha bei ndogo kinachoweza kuiambia kontrola ipunguze mkondo kabla ya madhara, lilijibiwa kwamba wateja wengine hawakiulizi. Kitabu cha maelekezo kiko kwa Kichina tu. Fundi ananieleza kwa mdomo, na nimeyaandika maneno yake pembeni kwa kalamu. Vipuri vidogo, kama vile vitambuzi vya rota na swichi ya mpini, huletwa kwa kuagizwa.

Pamoja na hayo nilinunua hapo hapo, kwa sababu sikuona karakana nyingine inayomruhusu mteja apande na magunia yake kabla ya kulipa. Atakayenifuata adai kwamba fakture (ankara) iandikwe namba ya kibati cha mota, wati zake pamoja na S1 au S2, uwiano wa gia zote mbili, na ampea ambazo kontrola imewekwa kukata. Msimamizi atasema si desturi yao. Kwangu pia alisema hivyo, halafu akaandika.